Vikundi vya Vijana: Kwa Rika au kwa Mtaa?

Katibu wa Vijana: Bwana asifiwe, wapendwa. Shikamooni wazee wetu mliomo humu. Naomba tulimalize leo suala la vikundi vidogo, kwa sababu Jumapili natakiwa kuyasoma majina mbele ya vijana wote, na daftari langu lina majina 46 ambayo hayajapangwa. Kamati imependekeza tugawane kwa rika: wanafunzi wa sekondari peke yao, waliomaliza shule peke yao, na wenye kazi peke yao.

Mzee Mlezi: Marahaba, mwanangu. Hivyo ndivyo tulivyogawana mwaka jana, na sote tunajua tulikoishia. Januari tulikuwa na vikundi sita. Ilipofika Pasaka vilisalia viwili, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha wanakwaya, ambao wangekutana hata kama sisi tusingekuwepo.

Mama wa Mambrui: Mzee, kwa rika lake binti yangu alipangiwa kukutana Muyeye, kule Malindi mjini, ilhali sisi twakaa huku ng'ambo ya daraja la Sabaki. Kikundi kikimalizika giza limeshaingia, na nauli ya bodaboda ilikuwa inazidi sadaka tuliyotoa asubuhi. Nilimkataza kwenda, wala sijutii.

Kaka wa Watamu: Nasi tunaofanya kazi hotelini tuna la kwetu. Kuanzia Desemba, wageni wanapojaa, Jumapili kwetu ni siku ya kazi kama nyingine, halafu mvua za masika zikianza baadhi ya hoteli hufungwa na wengi wetu hurudi makwao. Kikundi kinachokutana Jumapili tu ni kikundi ambacho kimeshatuacha kabla hakijaanza.

Mzee Mlezi: Ndiyo maana napendekeza tugawane kwa mtaa, watu wasiozidi 12. Idadi hiyo siitoi hewani. Mwaka 1742, mjini Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, yule mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa na deni la jengo lao, ikaamuliwa kila muumini atoe peni moja kwa wiki, na kila watu wapatao 12 wawe na mtu mmoja wa kuwazungukia na kuikusanya. Yule mzungukaji, akigonga mlango baada ya mlango, alianza kujua nani ana ugomvi nyumbani na nani amerudia ulevi, mambo ambayo Wesley mwenyewe, akiwa mimbarani, asingeyaona. Lililoanzishwa kwa ajili ya deni likageuka kuwa ulezi. Mimi nataka kiongozi anayeweza kumfikia kila kijana wake kwa miguu.

Dada wa Kisumu Ndogo: Shikamoo Mzee. Kwa heshima, kugonga mlango kwetu si jambo rahisi, kwani wengi tunaishi chumba kimoja cha kupanga pamoja na wadogo zetu, na mgeni akiingia inabidi mtu atoke.

Mzee Mlezi: Marahaba, binti yangu. Hata wao yaliwashinda hayo hayo: kuzungukia nyumba kulichukua muda mwingi, na wengine waliishi kwa matajiri wao ambao hawakutaka wageni. Ndipo wakaanza kukutana wote mahali pamoja kila wiki. Nasi tufanye vivyo hivyo, ila asiyeonekana mara mbili afuatwe.

Dada wa Kisumu Ndogo: Hilo nakubali, lakini lipo zito zaidi. Kikundi cha mtaa ni kikundi cha watu wanaochota maji bomba moja. Nikisema Alhamisi kwamba baba hajarudi nyumbani, Ijumaa nitaulizwa habari hiyo na mtu asiyesali hata kanisani kwetu. Mwaka jana lilimpata mwenzetu mmoja, na hajarudi mpaka leo.

Mzee Mlezi: Umenigusa, na hilo sikuwa nimelifikiria vya kutosha. Basi mtaa uwe kanuni ya kuanzia tu. Mwenye sababu ya kutaka kikundi kingine anijie mimi au Mama, na asilazimishwe kuieleza mbele ya kamati. Mambo ya nyumbani yasiombewe kwa sauti kikundini. Yabaki kati ya watu wawili wanaoaminiana.

Mama wa Mambrui: Nami nina sharti moja. Kila kikundi kiwe na viongozi wawili, wa kiume na wa kike, wakutane barazani au penye mlango wazi, na kiongozi yeyote asimwandikie mtoto wa shule ujumbe wa faragha usiku. Hapo sitabembelezwa.

Katibu wa Vijana: Nimeandika yote. Wa hotelini watakutana Jumatano au siku watakayoafikiana wao kufuatana na zamu. Wa Shella wasubiri swala ya Magharibi iishe ndipo waimbe, na ngoma waiache kanisani, kwa kuwa majirani zetu wametustahi siku zote.

Kaka wa Watamu: Jumatano ni sawa, Katibu.

Mama wa Mambrui: Basi jina la binti yangu liandike upande wa huku.

Katibu wa Vijana: Nimeliandika, Mama. Huko wako tisa, na hawana mahali pa kukutania. Nilikuwa naomba baraza lako, Jumamosi saa tisa alasiri.

Mama wa Mambrui: Kumbe ndiko ulikokuwa ukinipeleka! Karibuni, ila waje na mikeka, maana yangu ni miwili tu.