Nyongeza za kulipia za Foundry kwa kucheza na watoto: nianze na ipi?

MzaziUyole: Habari wakuu. Nataka kutumia Foundry (programu ya kompyuta ya kuchezea michezo ya kuigiza ya mezani, yenye ramani na dadu) na wanangu. Watoto wana miaka 8 na 11, kuna laptop na tableti, bando la kubana. Ninunue nyongeza gani?

Kete20: Usinunue kitu kwanza. Leseni ya Foundry hulipwa mara moja, tena na mwendesha mchezo peke yake. Wachezaji huingia kwa kivinjari. Bando linahitajika kusajili leseni na kupakua tu. Washa hotspoti ya simu, unganisha vifaa, kwenye tableti andika anwani ya IP ya laptop (namba yake kwenye mtandao huo) ikifuatiwa na :30000. Ikigoma, kagua fayawoli (kinga ya mtandao) ya Windows. Mara nyingi ndiyo imeziba.

Msimulizi_Mafinga: Na usikimbilie kusasisha Foundry, nyongeza zisizoendana na toleo jipya zitagoma. Nakili folda ya Data kwanza. Ramani ya PNG ya MB 15 hukwamisha tableti, igeuze iwe WebP, aina ya picha iliyo nyepesi zaidi. Ukilipa, lipia ramani. Madoido ya moto na radi yanakula kumbukumbu bure. Huyo wa miaka 8 mpe dadu za mkononi, kubofya hakunogi.

MzaziUyole: Tableti inasumbua kuburuta vipande vya wahusika kwenye ramani.

Kete20: Chomeka kipanya cha USB kwa adapta ya OTG (kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye tableti). Foundry haikutengenezwa kwa vidole.