UZI WA MALALAMIKO: Acheni kuandika "IMETHIBITISHWA" juu ya dhana zenu kuhusu Breen na wenzao

Wakuu, salamu baadaye. Mijadala ya kubashiri spishi ngeni za hadithi za sayansi, kama Breen wa Star Trek, ni akina nani hasa imeharibika, na kuna watu wanaoiharibu kila siku bila kukemewa. Mtu anaposti picha moja iliyokuzwa, anaweka kichwa cha herufi kubwa IMETHIBITISHWA, hataji msimu, hataji mwaka, hasemi ni nani alitamka hayo maneno. Ukimwomba chanzo anakujibu "kaangalie mwenyewe". Wiki inayofuata dhana yake imeshaingia kwenye ensaiklopidia za mashabiki kama ukweli, na wageni wanaisoma hivyohivyo.

Tuchukue hao Breen, spishi inayojificha ndani ya suti, maana ndio wanaoonewa kuliko wote. Ushahidi wenyewe si mwingi, na wote unajulikana ulipo. Jina lao lilitajwa mara ya kwanza mwaka 1990 katika The Next Generation, mfululizo wa televisheni wa Star Trek, sehemu inayoitwa "The Loss", na tukaambiwa kwamba Wabetazoid, spishi inayosoma akili za wengine, hawawezi kusoma za Breen. Hatukuwaona. Tuliwaona mwaka 1995 katika mfululizo mwingine, Deep Space Nine, sehemu ya "Indiscretion": suti ya mwili mzima, helmeti yenye pua iliyochomoza mbele, mwanga wa kijani kwenye mpasuo wa macho, na sauti ya mkwaruzo wa kielektroniki ambayo mtazamaji hapewi tafsiri yake. Suti ilielezwa kuwa ya kupoza mwili. Mwaka 1997 Breen mmoja yumo kwenye kambi ya wafungwa ya Dominion, himaya adui inayotawaliwa na Changeling, viumbe wanaobadili umbo. Mwaka 1999 wanaingia vitani upande wa Dominion, wanaishambulia San Francisco, na silaha yao ya kunyonya nishati inaimaliza meli ya kivita Defiant. Ongezeni na kauli kwamba hawana damu, halafu ile ya Weyoun kwamba sayari yao ina hali ya hewa nzuri tu, si barafu tupu kama watu wanavyodhani.

Basi. Huo ndio mtaji wote wa miaka ya tisini. Sasa angalieni watu wanavyoutapanya.

Kwanza hiyo kauli ya Weyoun. Inabandikwa kila mahali kama hukumu ya mwisho: "Breen hawatoki kwenye baridi, imekwisha." Haijaisha. Weyoun ni msemaji wa Dominion, kazi yake ni kubembeleza na kupotosha, na wakati huo anamtetea mshirika mpya mbele ya Damar, kiongozi wa Wakadashia walio upande wa Dominion, ambaye hamtaki. Neno la mhusika ni ushahidi wa kile mhusika anachotaka kiaminiwe, na lazima upime ana sababu gani ya kusema ukweli. Ukikubali kwamba Weyoun hakudanganya, bado una kibarua: eleza suti ya kupoza mwili ni ya nini. Ukisema alidanganya, eleza alipata faida gani. Nadharia inayoruka swali hilo haijaanza hata kazi.

Pili, helmeti. Kuna kundi linashikilia kwamba pua ya helmeti inaonyesha umbo la uso, kwa hiyo ndani kuna kiumbe mwenye mdomo kama wa mbwa. Rudini kwenye "Indiscretion" muangalie tena. Wahusika wawili, Kira wa spishi ya Bajora na Dukat wa Kadashia, wanawavamia Breen, wanachukua suti zao, wanavaa na kupenya mgodini. Mbajora na Mkadashia, nyuso bapa kabisa, wanaenea humo na umbo linabaki lilelile kwa nje. Maana yake pua ya helmeti haikulazimishi chochote kuhusu uso uliomo ndani. Tena tukio hilo lina jambo zito zaidi ambalo halizungumzwi vya kutosha: ili uvae suti ya mtu lazima umvue. Wawili hao wamekiona kilichomo ndani! Kamera ndiyo iliyokataa kutuonyesha. Yeyote anayejenga hoja yake juu ya "hakuna aliyewahi kuwaona" aanze kwa kujibu hilo.

Tatu, na hapa ndipo damu inaponichemka, hizi picha mgando zinazosambazwa zikidaiwa kuonyesha macho nyuma ya mpasuo wa helmeti. Deep Space Nine ilipigwa kwa filamu, lakini ilihaririwa na kukamilishwa kwenye video ya ubora wa kawaida wa televisheni ya Marekani wakati huo, yaani mistari 480 ya picha. Mfululizo mzima haujatolewa upya kwa ubora wa juu. Helmeti ikiwa mbali kidogo na kamera, mpasuo wote wa macho unachukua mistari michache tu. Ukiipitisha picha hiyo kwenye programu ya akili mnemba ya kukuza picha, programu haifichui kilichokuwepo. Inajaza mapengo kwa kukisia kutokana na mamilioni ya picha nyingine ilizofundishwa, zikiwemo nyuso nyingi za binadamu. Ndiyo maana "macho ya Breen" mnayoyabandika yana kope. Mnaangalia makisio ya mashine. Unataka kuchunguza fremu? Chukua fremu asilia kutoka diski, isiyoguswa, taja dakika na sekunde, ongeza mwangaza tu, halafu linganisha na fremu kadhaa za kabla na za baada. Kitu cha kweli kitabaki mahali pake fremu hadi fremu. Chembe za video zitarukaruka.

Sauti nayo ni hivyohivyo. Kuigeuza nyuma au kuipunguza kasi hakukupi lugha. Weyoun na Damar wanawaelewa Breen, sisi hatuwaelewi, kwa hiyo maana pekee tunayoweza kuipata ni ile inayokisiwa kutokana na majibu ya wanaoongea nao. Anayekuletea "tafsiri kamili ya hotuba ya Thot Gor", yule kiongozi wa Breen, ameitunga yeye au ametungiwa na mashine.

Sasa suala la ngazi za ushahidi, ambalo limeelezwa mara nyingi na bado watu wanalikanyaga. Kwenye Star Trek kanoni ni kile kilichoonekana kwenye skrini. Riwaya, komiki na michezo ya kompyuta haviwafungi waandishi wa skrini. Mwaka 2010 David Mack alitoa riwaya ya Typhon Pact: Zero Sum Game, na humo Breen si spishi moja: ni muungano wa spishi kadhaa waliokubaliana kuvaa suti na kusema kwa sauti moja ya mashine ili mtu apimwe kwa kazi yake bila kuangaliwa uzao wake. Wasio na damu na wanaohitaji baridi ni spishi moja, wenye pua ndefu ni nyingine. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu bora lililowahi kuandikwa, kwa sababu halikutupa hata dalili moja ya skrini. Lilizichukua zinazogombana likazipa kila moja mwenyewe wake. Lakini ubora wa jibu haulifanyi kuwa kanoni, na anayelinukuu bila kusema "hii ni riwaya" anawapotosha watu.

Halafu ukaja mfululizo wa Discovery, msimu wa tano, mwaka 2024. Mhusika L'ak ni Breen, na Breen ana nyuso mbili: moja ngumu, ya kijani, na nyingine laini inayopitisha mwanga kama jeli. Yeye aliamua kubaki na ule mgumu, jambo ambalo jamii yake inalidharau. Hiyo ni kanoni, hakuna ubishi. Ubishi uko kwa wale wanaodai kwamba sasa kila swali la miaka ya tisini limefungwa. L'ak anaishi karne ya 32. Vita vya Dominion ni vya karne ya 24. Kuna pengo la takribani miaka 800 hapo katikati. Kuwa na nyuso mbili ni jambo la kimaumbile, hivyo kudhani lilikuwepo tangu zamani ni sawa. Lakini mila ya uso upi unaheshimika, suti zilibuniwa kwa sababu gani, nani anaruhusiwa kujionyesha kwa nani, hayo ni mambo ya jamii, na jamii hubadilika. Usichukue desturi ya karne ya 32 ukamvisha mfungwa wa kambi ya Dominion kisha ukaita hiyo hoja.

Ule uso wa jeli ndio umefufua nadharia kwamba Breen ni tawi la Changeling. Wenye nadharia hiyo, nawaomba mjibu haya matatu kabla ya kuposti tena. Odo, Changeling wa Deep Space Nine, alitueleza kwamba lazima arudi kwenye hali ya kimiminika kila baada ya saa 16; Breen kambini yupo ndani ya suti, na Jem'Hadar, askari wa Dominion walioumbwa kuwaabudu Changeling wanamfunga na mwishowe wanamuua. Dominion mwaka 1999 inalazimika kuwashawishi Breen kwa mkataba na ahadi ya ardhi, kitu ambacho haikifanyi kwa ndugu wa Waasisi, yaani Changeling wanaoitawala. Na Breen wana nyuso mbili tu, wakati Changeling anachukua umbo lolote analoliweza. Kufanana kwa ute si undugu.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na linaniudhi vilevile: kuwacheka walioshindwa. Wale walioamini kwamba Forerunner, spishi ya zamani katika michezo ya kompyuta ya Halo, ni binadamu wa kale wanadhihakiwa kila mara kana kwamba walikurupuka. Hawakukurupuka. Mwaka 2007, ndani ya Halo 3 yenyewe, 343 Guilty Spark, akili mnemba ya Forerunner, anamwambia askari binadamu Master Chief waziwazi: wewe ni Forerunner. Mwaka huohuo riwaya ya Contact Harvest ikaonyesha akili mnemba ya kale ikiwatambua binadamu kama waumbaji wake. Ushahidi gani zaidi ungetaka? Ila mchezo huohuo wa Halo 3 ulikuwa na zile kompyuta zilizofichwa zenye mawasiliano ya Forerunner wawili, Didact na Librarian, na humo binadamu wanaelekea kuwa viumbe tofauti wanaohifadhiwa. Dalili zilivutana ndani ya mwaka mmoja. Baadaye riwaya ya Cryptum ya Greg Bear mwaka 2011 na Halo 4 mwaka 2012 zikaamua kwamba ni spishi mbili. Riwaya yake nyingine, Primordium, ikafunua kwamba Guilty Spark alitokana na binadamu aitwaye Chakas, na hapo ndipo maneno yake yanapopata maelezo mengine. Nadharia ilikuwa na miguu, mwelekeo wa hadithi ukachukua njia nyingine. Mheshimuni aliyetaja vyanzo vyake hata kama hakupatia.

Rubani mkubwa, ile maiti ya kiumbe mgeni kwenye filamu ya Alien ya 1979, sitamrefusha. Watu walijadili mifupa na mkonga kwa zaidi ya miaka thelathini kwa sababu nahodha Dallas alisema mifupa imepindia nje. Dallas ni nahodha wa meli ya mizigo, si tabibu. Mwaka 2012 filamu ya Prometheus ikasema ile ni suti. Somo ni lilelile la Weyoun.

La mwisho, acheni kuwatumia waandishi nadharia zenu moja kwa moja kwenye kurasa zao. Hili lina madhara halisi. Enzi za mfululizo wa Babylon 5, mwandishi wake J. Michael Straczynski alikuwa akizungumza na mashabiki mtandaoni na akawasihi wasimwandikie mawazo ya hadithi. Shabiki mmoja aliweka wazo lililofanana na la sehemu ya "Passing Through Gethsemane", na ikabidi hadithi hiyo iwekwe kando mpaka ipatikane hati ya kisheria ya kuondoa madai. Jadilini huku kwetu. Msimtumie mwandishi.

Wasimamizi, ombi langu ni hili. Uzi wowote wa nadharia uwe na jina la kazi, msimu na sehemu au ukurasa. Useme kama ni skrini, riwaya au mchezo. Useme dalili imeonekana kwa macho au imesemwa na mhusika, na mhusika gani. Na utaje walau dalili moja inayoipinga nadharia hiyo pamoja na jibu lake. Tahadhari ya kufichua iwe kwenye kichwa, jina la mhusika lisiwe humo, maana kuandika "Tahadhari: L'ak ni Breen" ni kufichua tayari. Picha zilizokuzwa na mashine zifutwe papo hapo.

Kwa wale watakaokuja kuuliza kuhusu spishi ya Yoda wa Star Wars: George Lucas alikataa kuipa jina wala asili, na hilo linajulikana. Fungueni uzi wenu.

Huu ni wa Breen. Anayeanza aanze na Kira na Dukat: waliona nini walipozivua zile suti, na kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyelisema tena hadi mwaka 1999?