Masika yanakaribia: tangazo la mafuriko tunalifikishaje kwa jirani kiziwi?

MwanaKigogo:
Wakuu, salaam. Nimo kwenye kamati ya maafa ya mtaa wetu, Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bondeni kwa Mto Msimbazi. Msimu huu nimekabidhiwa matangazo. Utaratibu wetu ni huu: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, mwenyekiti anarekodi voisi anaitupa kwenye grupu la WhatsApp, kijana anazunguka na bodaboda na kipaza sauti, msikitini wanatangaza baada ya swala. Maji yakipanda usiku ni filimbi na makelele.

Nimeupitia utaratibu wote, hakuna hatua hata moja isiyotegemea masikio. Na mtaani tunao mume na mke viziwi wenye mtoto mchanga, kijana kiziwi fundi viatu, na bibi mmoja ambaye usikivu umepungua kwa uzee. Mvua zilizopita wale wanandoa waliamshwa na maji godoroni. Nimependekeza tuwe tunaandika na meseji. Wenzangu wanasema hiyo inatosha. Kweli inatosha? Hela hakuna, labda ya bando na mafuta ya boda.

Mzee wa Feri:
Inatosha mkuu. Nani hana simu siku hizi?

Kimya Kingi:
Mimi ni kiziwi na naandika mwenyewe. Haitoshi.

Wengi wetu lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na ina sarufi yake. Kiswahili tumekutana nacho darasani, kwa wale waliobahatika kuliona darasa. Halafu unatuandikia "wananchi waishio mabondeni wanaaswa kuchukua hatua stahiki". Hata nyie mnaosikia, hiyo hatua stahiki mnaijua? Andika: MAJI YANAPANDA. TOKA SASA. NENDA SHULENI, na utaje shule ipi. BEBA DAWA NA VITAMBULISHO.

Pamoja na maandishi, weka video ya alama. Usisubiri mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Rekodini video moja kwa kila ngazi wakati jua linawaka, siku ikifika mnatuma iliyo tayari. Anayeonyesha alama awe kiziwi. Waliosoma shule ya Buguruni Viziwi wapo mjini hapa, na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, watakuunganisha nao. Tafadhali, asijitolee mtu aliyejifunza "habari" na "asante" YouTube akaona ameiva.

Nyongeza yenye hasira kidogo: wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, nilikuwa nimeganda kwenye runinga. Kituo kimoja kilimweka mkalimani kwenye kidirisha kama stempu, halafu utepe wa habari ukapita juu ya mikono yake. Kimbunga kiko wapi, sikujua.

Fundi Kamera:
Mkuu Kimya Kingi kasema kweli, na mara nyingi ni sisi wa mitambo tunaoharibu, hatuambiwi kitu. Kwenye video zenu mwonyesheni kuanzia kichwani hadi kiunoni, na viwiko visikatwe. Uso ni sehemu ya lugha, mwanga utoke mbele. Nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi, ukuta mtupu nyuma. Maandishi yakae pembeni, yasiguse mikono. Iwe fupi, isiwe nzito, maana mtandao siku ya mvua mnaujua.

Mama Wawili:
Naona mnawazungumzia wa alama tu. Mimi nilipoteza usikivu ukubwani, baada ya sindano za kifua kikuu. Alama sijui hata moja. Bibi yako huyo naye video haitamsaidia kitu, yeye mwandikie kwa herufi kubwa au mfuate uso kwa uso, usiongee huku umegeukia mto.

Ila shida kubwa ni usiku. Nikilala navua shimesikio, kile kifaa cha kunisaidia kusikia. Simu naiweka chini ya mto wa kulalia itetemeke, lakini umeme ukiwa umekatika tangu mchana, simu yenyewe imezima. Hapo hakuna meseji wala video, anatakiwa mtu. Kila nyumba yenye asiyesikia ipewe jirani wake maalumu, na wa akiba, maana huyo wa kwanza anaweza kuwa kwa shemeji yake Mbagala. Wakubaliane kabla: amulike tochi dirishani kwa kuwasha na kuzima, au abaki na ufunguo, wenyewe wakiridhia.

Kimya Kingi:
Dada hapo umenena. Mlango ukifunguka, tochi mulika uso na mikono YAKO, usinimulike machoni. Gizani alama hazionekani. Na wale wenye mtoto wambebe mgongoni kwa kanga. Ukimpakata, mikono imeshikwa na huwezi kuongea.

Mlipakodi:
Hii kazi ya serikali jamani, mnajibebesha.

Mnara Mrefu:
Mlipakodi, kudai tudai. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009. Ibara ya 11 ya mkataba huo inataja majanga waziwazi. Kuna teknolojia ya mnara kurusha tahadhari kwa kila simu iliyo chini yake bila kuhitaji namba, simu ikatetemeka na kuonyesha maandishi. Haisongamani kama meseji za kawaida. Hilo lipelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwenye makampuni ya simu. Mtaani pangeni pia nani atawapigia Zimamoto 114 kwa niaba ya asiyeweza kuongea na simu.

MwanaKigogo:
Asanteni sana. Swali la mwisho: mwenyekiti anataka orodha ya majina na nyumba zao iwekwe kwenye grupu, kila mtu aione.

Kimya Kingi:
Hapana! Grupu lina watu mia na kitu. Mwizi akijua nyumba ipi haisikii mlango ukivunjwa, kazi kwisha. Orodha iandikwe kwenye daftari, ikae kwa mjumbe na wale majirani waliopangwa, na kila jina liingie kwa idhini ya mwenyewe. Anza kwa kwenda kuwauliza hao wanandoa wanataka kuamshwa vipi. Ukikosa wa kukukalimania, ni-PM, Jumapili nina nafasi.

MwanaKigogo:
Nakuja PM sasa hivi, mkuu.