Antena ya ndani kwa Bibi: gumzo la ukoo, Malindi

*Jumamosi*

Swabra: Assalaam aleikum nyote. Bibi tangu alfajiri neno lake ni moja, TV. Ile antena ya juu imekwisha kazi. Mlingoti uliliwa na kutu, na kusi la jana limeulaza juu ya mabati. Mwenye nyumba naye asema hataki tena chuma juu ya paa lake. Basi nataka ya ndani. Ninunue ipi?

Mwanaidi: Waaleikum salaam. Poleni. Na wale kunguru walishaigeuza kikao chao, vijiti vyote vimepinda.

Salim: Dada tizama hii 👇🏾
[picha]
8K, dijitali, kilomita 300, na busta yake ya kukuza mawimbi. Elfu moja mia nane tu.

Ami Twaha: Kilomita 300 kutoka Malindi umeshaipita Tanga.

Salim: 😂😂 Si imeandikwa kwenye boksi ami

Ami Twaha: Boksi halina haya. Mnara wa mita 100 upeo wake wa redio ni kama kilomita 40 hivi. Ukipandisha antena yako juu ya nyumba waongeza kidogo. Zaidi ya hapo ardhi yenyewe yajipinda na mawimbi yakupita juu ya kichwa. Mombasa haishikiki kwa antena ya kikaratasi cha dirishani hata ukisomee.

Ami Twaha: Na hiyo 8K, yaani ukali wa picha, ni porojo. Antena haijui 8K, haijui dijitali wala analoji. Ni chuma chenye kipimo chake, basi. Udijitali uko kwenye dikoda. Analoji ilipozimwa 2015 watu wengi hapa mtaani walitupa antena nzima na kununua "za dijitali", kumbe chuma ni kile kile.

Juma Mambrui: Salaam wakuu. Mimi nasema busta. Bila busta hakuna TV. Kwangu nimeitia na napata kila kitu.

Ami Twaha: Juma wewe uko Mambrui na antena yako iko juu ya mnazi. Wacha kwanza.

Juma Mambrui: Si mnazi ni mlingoti 😅

Bi Rukia (Lamu): Yeo kumekucha na antena. Hamujambo wanangu? Twaha, na mimi nina swali. Boksi langu la dishi nimelichoka, kila mvua ikinyesha hulala. Naweza kuchomeka antena ya ndani kwenye boksi hilo hilo?

Ami Twaha: Shikamoo dada. Haiwezekani. Boksi la dishi ni la setilaiti, utaona nyuma au kwenye karatasi yake imeandikwa S2. La antena ni T2. Hata ukilazimisha waya uingie, halina masikio ya kusikia mnara.

Bi Rukia (Lamu): Marahaba. Ndiyo maana fundi wa hapa alinichomekea akaniambia "ngoja kidogo itakuja". Nikangoja mpaka isha.

Mwanaidi: 🤣🤣🤣

Mwanaidi: Samahani natoka kwenye mada, nani ana namba ya yule wa boza la maji? Mfereji umekauka huku Maweni.

Salim: Nakutumia pembeni shangazi.

Ami Twaha: Swabra. Kabla hujatoa pesa, nifanyie mambo mawili. Panda rosheni utizame antena za majirani zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Kisha nipigie picha nyuma ya TV ya Bibi.

Swabra: Ngoja.

Swabra: Zote zaelekea upande wa ule mwarobaini mkubwa, nyuma ya msikiti. Vijiti vimelala. Iko moja tu imeangalia baharini lakini nadhani ni kusi limeigeuza.

Ami Twaha: Hiyo si antena tena, ni kata ya upepo. Vizuri. Basi mnara uko upande wa mwarobaini na ya kwako utailaza vile vile. Majirani wamekulipia utafiti.

Swabra: [picha]
Hii nyuma ya TV. Bibi amenifokea nisiguse waya wake.

Ami Twaha: Naona. Hiyo TV ni ile iliyotoka Dubai? Ingia kwenye menyu au karatasi yake uone kama imeandikwa DVB-T2. Kenya twatumia T2. Ikiwa ni T peke yake haitashika chochote, hata ukiweka antena ya dhahabu. Na TV za Marekani ndio kabisa, kule wana mfumo wao wa ATSC, hapa huwa pambo.

Swabra: Imeandikwa T tu ami. Lakini Bibi ana dikoda, ile ya bure isiyolipiwa kila mwezi. Hiyo ni T2.

Ami Twaha: Basi tosha. Antena itaingia kwenye dikoda, TV ni kioo tu.

Ami Twaha: Sasa tuje kwenye chumba. Bibi anakaa chumba cha nyuma, sivyo? Kati yake na mwarobaini kuna nini?

Swabra: Kuna ukumbi, kuna ukuta wa jiko, na lile banda la mabati la kuni. Na chumba chake dirisha lina grili.

Ami Twaha: Ndio tatizo lako lilipo, si aina ya antena. Mabati huyarudisha mawimbi nyuma. Ukuta wa matumbawe mnene huyanywa. Grili ya nondo zilizokaribiana hupunguza pia. Unaweza kununua antena ya elfu tano ukaitundika ukutani kwa Bibi, na ya mia tano dirishani kwako ikaishinda mbali.

Bi Rukia (Lamu): Twaha unanisema mimi. Kuta zangu ni dhiraa nzima.

Ami Twaha: Dada, zako ni kuta za wazee, zilijengwa kuzuia jua wala hakuna aliyefikiria taarifa ya habari. Ukitaka T2 huko Lamu, uliza kwanza jirani aliye na antena hapo mtaani kwako kama anashika na anashika nini. Asiposhika wa juu ya dari, wewe wa ndani usinunue. Kaa na dishi lako, fundi akukazie tu skrubu zake na aangalie waya kama haujaingia maji.

Swabra: Dirisha langu laelekea mwarobaini moja kwa moja. Halina grili, ni wavu wa mbu wa plastiki.

Ami Twaha: Hapo hapo. Antena ikae kwako, TV ikae kwa Bibi, baina yao pita waya. Si ule mwembamba kama uzi wa kuvulia. Taka ule uitwao RG6, wa ohm 75. Mita 10 zake hazikuumizi.

Salim: Sasa ipi ami? Ya karatasi au ile ya mezani yenye masikio?

Ami Twaha: Swali zuri, nilikuwa naliogopa.

Ami Twaha: Yale masikio marefu ya kuvuta yalikuwa ya VHF, masafa ya chini ya stesheni za zamani. Sasa chaneli zetu ziko UHF, masafa ya juu, kati ya MHz 470 na 694. Kwenye MHz 500, wimbi zima ni sentimita 60, nusu yake 30. Kwa hivyo kinachofanya kazi ni kile kipete katikati au umbo la kipepeo, si masikio. Masikio ni ya kupendeza. Ya karatasi ndani yake ina utepe wa shaba wa umbo lile lile, kwa hivyo nayo sawa, na yakaa vizuri kwenye kioo.

Ami Twaha: Mimi ningechukua ya karatasi au ya kipete, yoyote, mradi iwe na tundu la kufungia waya wa skrubu. Nyingi za rahisi waya umegandishwa humo humo, mwembamba, mita moja na nusu, huwezi kuubadilisha. Na ukiweza ichukue isiyo na busta, au yenye busta inayotoka. Tena kwa muuzaji anayekubali urudishe.

Juma Mambrui: Mimi bado nasimama na busta.

Ami Twaha: Juma, busta haitengenezi kitu. Yakuza kilichoingia, kelele na yote. Kama wimbi safi halikuingia dirishani, utakuza uchafu.

Juma Mambrui: Sasa mbona kwangu yafanya kazi?

Ami Twaha: Kwa sababu wewe uko mbali, antena yako iko juu inaona, na una waya mrefu unaopoteza njiani. Busta yako iko pale juu mlingotini, yasukuma kabla ya waya. Hiyo ndio kazi yake halali. Swabra yuko mjini.

Juma Mambrui: Haya nimekubali nusu.

*Jumapili*

Swabra: Salim ameshanunua ile ya 8K 🙄 Asema ilikuwa ya mwisho dukani.

Salim: Ilikuwa na ofa

Ami Twaha: Haya ishakuwa. Ina tundu la skrubu?

Swabra: Inalo. Na busta ni kidude kinachochomekwa kwenye USB. Nimeshatundika dirishani, waya umepita ukumbini mpaka kwa Bibi. Dikoda imetafuta chaneli lakini picha yavunjika vipandevipande, sauti yakatakata. Zamani ingekuwa chenga tu, mtu ungesikia maneno.

Ami Twaha: Analoji ilikufa polepole, hii hufa ghafla. Ingia kwenye menyu, kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nisomee.

Swabra: Nguvu 94. Ubora 22, wapanda washuka.

Ami Twaha: Aah. Toa busta. Itoe kabisa kwenye waya. Usichomoe umeme wake peke yake ukaiacha njiani, busta isiyo na umeme huwa kizibo.

Swabra: Nimetoa, nimeunga waya moja kwa moja.

Swabra: Lo!! Nguvu 61. Ubora 78. Imetulia!!

Juma Mambrui: 👀

Ami Twaha: Mstari wa kutizama ni ubora. Nguvu ni makelele ya sokoni, waweza kusikia kelele nyingi usishike neno. Sasa isogeze antena kidogo kidogo pale pale dirishani, juu, chini, pembeni. Ukiisogeza, ondoa mkono, rudi nyuma, ungoje sekunde kadhaa ndipo usome. Mwili wako nao ni ukuta.

Swabra: Kona ya juu kushoto 86. Katikati ya kioo 71. Ajabu, ni shibiri mbili tu.

Ami Twaha: Shibiri mbili kwa UHF ni safari. Ibandike hapo kona. Kisha tafuta chaneli upya toka mwanzo.

Swabra: Zimeingia. Bibi asema Alhamdulillahi, na kwamba Twaha amezaliwa na akili, si kama wengine.

Salim: Wengine ni nani 😐

*Jumatatu*

Swabra: Ami samahani tena. Jana taarifa ya saa moja ilianza vizuri, mara picha ikaganda. Lakini si zote. Kuna kundi la chaneli lapotea pamoja, lingine liko safi. Asubuhi zote zilikuwepo.

Ami Twaha: Chaneli nyingi hupanda gari moja, masafa mamoja. Gari likikwama wote wamekwama. Kwa hivyo kuna kitu chagusa masafa yale tu. Saa ngapi yaanza?

Swabra: Baada ya magharibi.

Ami Twaha: Ukiwasha nini?

Swabra: Taa. Feni yawaka mchana kutwa.

Ami Twaha: Taa ipi iko karibu na ule waya?

Swabra: Ya ukumbini, ile balbu ya LED ya shilingi mia. Waya umepita juu yake.

Ami Twaha: Izime, ungoje.

Swabra: Wallahi imerudi. Nikiwasha ubora washuka kutoka 84 mpaka 30. Nikizima wapanda.

Mwanaidi: Balbu!!

Ami Twaha: Zile za bei ya kutupa hazina kichujio ndani, hutoa mawimbi ya fujo. Badilisha balbu, na waya uuhamishe upande wa pili wa dari. Chaja rahisi za simu nazo usizichomeke karibu na dikoda.

Swabra: Nimeweka balbu ya chumbani kwangu. 81, haitikisiki.

Bi Rukia (Lamu): Mashallah. Mimi nimemuuliza jirani kama ulivyoniambia Twaha. Asema antena yake ya darini hushika siku moja moja. Basi nimeachana nayo. Fundi amepanda kwenye dishi leo, ule waya ulikuwa umejaa maji kama mfereji, ameukata kipande na kufunga kichwa kipya.

Ami Twaha: Mwambie akifunge kile kichwa kwa utepe wa mpira, hewa ya chumvi hiyo haitasubiri mwaka.

Juma Mambrui: Sasa ile busta ya Salim imebaki bure? Mimi yangu ya zamani ina kutu.

Ami Twaha: Ya Salim ni ya ndani, ukiipandisha mlingotini mvua ya kwanza imekwenda. Tafuta ile ya kopo, yenye kifuniko, inayopata umeme kupitia waya kutoka ndani.

Salim: Basi naiuza mia tatu.

Ami Twaha: Irudishe dukani. Risiti unayo?

Salim: …

Mwanaidi: Yule wa boza amekuja, ahsanteni. Swabra, Bibi anaangalia nini sasa hivi?

Swabra: Ile tamthilia yake ya Kituruki. Taarifa ya habari alikuwa akiisingizia tu.