Naandaa simulizi ya Jack McVitie wa London, nianzie wapi?

Msimulizi_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa simulizi ya sauti, ya nusu saa hivi, kuhusu Jack McVitie, mhalifu wa London aliyeuawa Oktoba 1967 akiwa na miaka 35. Walimwita Jack the Hat kwa kuwa alificha upara wake kwa kofia. Karibu kila ninachosoma kinawakuza mapacha Ronnie na Reggie Kray, wakuu wa genge lililomuua: suti zao, klabu zao, picha walizopiga na waigizaji. Aliyeuawa anatajwa juujuu tu, na hilo linaniuma. Ila naye aliuza dawa za kulevya, alilewa, alipiga watu. Nifanyeje msikilizaji amwonee huruma bila mimi kumsafisha? Natanguliza shukrani.

Kapteni Mdau
Mkuu, anzia kwenye pesa. Ronnie alimpa pauni 500 za awali amuue Leslie Payne, mshirika wao wa zamani wa biashara, maana walihofia atawachomea kwa polisi. Payne hakuuawa na pesa hazikurudi. Hapo hapo msikilizaji anajua kwamba McVitie alikubali kuua kwa malipo, na kwamba sasa anadaiwa na watu wa kutisha. Machi 1966 Ronnie alikuwa ameingia baa ya Blind Beggar, Whitechapel, akampiga George Cornell, mhalifu wa genge pinzani, risasi ya kichwa, kisha akaondoka zake. Huna haja ya kumsafisha McVitie, deni hilo linatosha kumtia mtu hofu.

BintiKisauni
Mimi ningeanzia Evering Road, Stoke Newington, mtaa wa London alikouawa. McVitie aliambiwa kuna sherehe, ndugu wawili wa Lambrianou, watu wa genge la Kray, wakampeleka, akaingia akidhani anakwenda kunywa. Reggie akamwekea bastola kichwani, ikagoma. McVitie akajaribu kutokea dirishani, wakamrudisha ndani, Reggie akamchoma kisu. Nakusihi kaka, majeraha usiyaeleze. Kaa pale dirishani, ndipo alipokuwa mtu anayetaka kuishi tu. Na useme wazi kwamba maiti yake haijapatikana mpaka leo.

Msimulizi_Tanga
Asante dada, hilo la dirisha limenigusa. Na kesi niiweke?

Mzee Ngoma
Iweke, kwa sababu inaonyesha ukimya ulivyovunjika. Mei 1968 mpelelezi Leonard Read aliwakamata mapacha, na walipokuwa ndani ndipo watu wakathubutu kusema, akiwemo binamu yao Ronald Hart aliyekuwepo usiku ule. Machi 1969, katika mahakama ya Old Bailey, London, Jaji Melford Stevenson akawapa kifungo cha maisha, akipendekeza wasikae chini ya miaka 30. Ronnie alifariki 1995 akiwa bado mfungwa. Reggie alifariki 2000, wiki chache baada ya kuachiwa kwa sababu ya saratani. Dakika tatu zinatosha, mwanangu. Ukizidisha, mapacha watakunyang'anya simulizi.

Msimulizi_Tanga
Nimewaelewa wote. Naanza na zile pauni 500, kisha moja kwa moja Evering Road. Kipande cha dirishani nakirekodi leo usiku, nitakiweka hapa mnisikilizie kabla sijaendelea.