Naomba ushauri: pato la kila mtu, Rwanda na Burundi

Wakuu habari zenu. Nimekwama kwenye kulinganisha pato la kila mtu (pato la taifa kugawanya kwa idadi ya watu) Rwanda na Burundi tangu zote mbili zipate uhuru, Julai 1, 1962. Kwa dola za kawaida, yaani kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha kila mwaka, mstari wa Burundi kwenye grafu unashuka ghafla 2023, ila mwaka huohuo mwezi Mei faranga yao ilishushwa thamani. Watu hawakuacha kulima! Sasa nitumie bei za mwaka mmoja kwa miaka yote ili kuondoa mfumuko wa bei, au dola zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mwaka wa kuanzia. Nikianza 1994, Rwanda inapaa mno kwa sababu mauaji ya kimbari yalikuwa yameuangusha uchumi. 1990 itafaa? Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.