MREJESHO: Flashi ya Linux sasa inaonekana kompyuta ikiwaka

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kompyuta inaingia Windows moja kwa moja, F12 nikiibonyeza haileti menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia, na flashi ya Linux haionekani.

Kilichosaidia kwanza ni ule ushauri wa kushikilia Shift huku unabofya Restart. Ikaja skrini ya bluu, nikaingia sehemu ya kuchagua kifaa, lakini flashi haikuwemo. Kumbe mashine inawaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta) na flashi ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani wa BIOS. Nikaiandaa upya kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi za kuwashia), nikachagua GPT (mpangilio wa diski unaoendana na UEFI), ikajitokeza pale pale. Secure Boot (ulinzi unaozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka) sikuigusa, na Ubuntu, ndiyo Linux iliyo kwenye flashi, imewaka bila kelele. Waliosema lazima izimwe, kwangu haikuhitajika.

F12 nayo imekubali baada ya kuzima Fast Startup (kipengele cha Windows cha kuwaka haraka), ila uanze kuigonga-gonga mara tu unapowasha, kabla nembo haijatokea.

Kilichogoma ni mpangilio wa kudumu wa kifaa kipi kianze kuwasha kompyuta. Naweka flashi juu kwenye mipangilio ya UEFI, nahifadhi kwa F10, nikiwasha tena Windows imerudi kileleni. Nimeachana nao, natumia F12 tu. Mwenye dawa ya hilo aiweke hapa.